Ukanda wa Wanne wa Ngazini

Mmenitaka nikuandikieni kurasa chache za mambo niliyoyaona kazini, mzitie kwenye faili la wageni wanaoanza. Haya, nnaandika. Lakini msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nani alinipa kile cheti kilichotundikwa ukumbini. Cheti hakimfundishi mtu kazi. Nnaandika jambo moja nililoliharibu nikiwa mgeni, na siku nne za mwezi wangu wa mwisho nilizojaribu kulitengeneza. Nyote mliniona Alhamisi ile nnatoka studio macho mekundu, mkaambizana, "Mama Zuwena anaona uchungu kustaafu." Uchungu wa nini? Baada ya miaka yote ile ya kuamka alfajiri, nilie kwa kuachiwa nilale? Sikulia kwa kustaafu.

Nilianza kazi pale redioni Maskati kigori tu, abaya jipya, na viatu vya kisigino ambavyo Maalim Sleyum aliviangalia mara moja akasema, "Bibie, hapa tunapanda ngazi na maboksi." Maalim Sleyum alikuwa mkuu wa ghala la kanda. Mtu mwembamba, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe, Kiarabu chake cha Maskati, na hasira zake hazikuhitaji lugha hata moja. Siku ile ile alinikabidhi vitu vinne: wembe, kibao cha chuma chenye mfereji wa kukatia ukanda, penseli ya nta nyeupe na chupa ya spiriti ya kusafishia vichwa vya mashine. "Wembe usimwazime mtu," akanambia. "Na spiriti usimwoneshe mtu." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyinyi kanda mnaziona makumbusho tu, kwa hivyo nieleze. Sauti ilikuwa inakaa juu ya ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia, umezungushwa kwenye gurudumu mfano wa sahani. Kanda zilikuwa zinaagizwa nje na hazitoshi, basi tukizitumia tena na tena. Palikuwa na mashine ya kufutia, sanduku zito lenye sumaku ndani. Unaweka ukanda juu yake, unabonyeza, linavuma kama friji bovu, unauzungusha ukanda mara mbili tatu, kwisha khabari yake. Kilichokuwemo hakirudi, hata uje na nani. Ndiyo maana Maalim alikuwa na amri moja isiyo na mjadala: kabla hujafuta, sikiliza mpaka mwisho. Mwenyewe nilimwona amekaa robo tatu ya saa anamsikiliza mtu anakohoa, maana huenda baada ya kukohoa atasema neno.

Mwezi wa tatu Maalim akenda Nizwa, ana harusi ya mtoto wake. Adhuhuri wakanishukia watu wa juu: wanataka kanda kumi tupu kabla ya Alasiri, za vipindi vya Ramadhani. Nnazo tisa. Nikahangaika, nikachomoa boksi moja rafu ya chini kabisa, halina lebo, limeandikwa kwa penseli neno moja tu, "Wanne". Nikauweka ukanda kwenye mashine, nikavaa spika za masikioni. Mwanamume mmoja, sauti nzito, peke yake: bum, bum, bum-bum-bum. Akakaa na mlio huo huo. Baadaye akaingia mwengine: shuu-wa. Shuu-wa. Nikasema, aa, hawa wanajaribu maikrofoni. Si ndivyo wanavyofanya mafundi, moja mbili, moja mbili? Mimi nyimbo nilizokulia nazo nyumbani zina maneno, zina beti, mtu anamsema jirani yake mpaka jirani anahama. Nani anaimba "bum"? Hata nusu dakika haikufika. Nikauchukua, nikauweka juu ya sumaku, nikabonyeza. Kanda zikawa kumi, na watu wa juu wakanambia ahsante.

Wiki chache baadaye akaja mtu kaunta. Mrefu, wa makamo, bado kavaa nguo za kazi za bandarini, na alipotoa salamu sauti yake niliihisi kwenye meza kabla sijaisikia. Akasema jina lake Hafidh, na kwamba yeye na wenzake watatu waliwahi kurikodi nyimbo moja studioni petu. "Duwap, dada. Hujui duwap? Wale vijana weusi wa Marekani wanasimama kwenye kona ya njia, hawana gitaa, hawana ngoma. Mmoja anaimba, watatu wanakuwa bendi kwa midomo. Sisi sahani zake za santuri tulizipata Unguja kwa mabaharia, tukiwa skuli. Tukavaa mashati ya mistari, nywele mafuta mpaka shingoni, tukaimba ngazini, maana ngazi zina mwangwi. Tulipokuja huku kila mtu akapata kazi yake, lakini tukatafuta ngazi nyengine, mtaa wa Hamriya. Watu wakatwita Wanne wa Ngazini." Akatabasamu kidogo. "Anayeongoza ni Nassor. Ana sauti ya juu, ikipanda unaona haitashuka. Alifariki mwezi uliopita, moyo. Nataka nakala ya ule ukanda."

Nikamuuliza, "Na wewe unaimba nini?"

"Mimi besi," akasema. "Mimi ndiye bum-bum."

Nikamwambia nitautafuta. Akaja mara ya pili, nikamwambia bado. Akaja mara ya tatu, nikamwambia, "Hauonekani, bwana, labda umepotea." Akanishukuru kwa taabu yangu. Wallahi akanishukuru, akatoka. Maalim Sleyum sikumwambia mpaka anaingia kaburini, na alikuwa mtu wa kuambiwa.

Miaka iliyofuata nilisikiliza kila ukanda mpaka mwisho, mpaka mkia wake unapiga piga mashine. Mlinicheka, najua, mkiniita Mama Mpaka Mwisho mkidhani sisikii. Na duwap nikaitafuta popote ilipo. Ilipokuja kompyuta nikawa nnasikiliza saa ya chakula, mlango nimefunga. Nikaja kuelewa kwamba yale niliyoyaona upuuzi ndiyo kazi yenyewe: wale watatu wa nyuma wanajenga sakafu kwa bum na shuu-wa, ili yule mmoja apate pa kusimama. Nikazipenda, masikini mimi. Hata leo nikizisikia zile sauti za vijana, wengi wao wamekufa na majina yao hayajulikani, nnaona kama nimeingia nyumba ya watu waliosafiri na taa wameiacha inawaka.

Sasa njooni kwenye mwezi wangu wa mwisho. Jumatatu asubuhi, msichana wa mapokezi kanipigia simu kuna watu wametoka Qurayyat, wana ukanda wa zamani. Nikashuka. Mwanamke wa makamo, kamshika mkono mzee aliyeinama, na mzee anaongea kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu upande wa pili wa njia. Sikumjua kwa sura. Kwa sauti nikamjua pale pale. Yeye hakunijua, mimi nilikuwa kigori, sasa bibi mwenye miwani.

Yule mwanamke ni bintiye, jina lake Rahma. Akanieleza haraka haraka. Babake sikio la kushoto limekufa zamani. La kulia limebakisha kidogo, sauti nzito tu ndizo zinazoingia. Jumapili madaktari wanamtia kifaa ndani ya sikio, atasikia watu wakizungumza, inshallah, lakini wamemwambia wazi kwamba hicho kidogo alichozaliwa nacho huenda kikaondoka, na muziki kwa kile kifaa hautakuwa ule anaoujua. Alhamisi adhuhuri anatakiwa awe spitali.

"Hataki kwenda mpaka amsikie rafiki yake," Rahma akasema. "Redioni palikuwa na ukanda mzuri, lakini walisema umepotea. Huu waliurikodi wenyewe ngazini Hamriya, kwa mashine ya kuazima, na tangu hapo haujapigwa. Ni huu tu, hakuna mwengine."

Akanipa bati la biskuti. Ndani yake ukanda, umekaa juu ya kabati miaka na miaka, kwenye nyumba ya pwani, joto na chumvi. Nikaunusa. Nikaugusa kwa ncha ya kidole, ukanata.

Tukapanda studio, mimi, wao, na Thuraya wetu, yule mliyemleta mwaka jana na mkasema hajui kitu. Nikauweka kwenye mashine ya mwisho iliyobaki nzima. Haukwenda hata sekunde kumi, ukaanza kulia, kilio kile cha kusaga meno, na kwenye vichwa vya mashine ikajaa tope la kahawia. Nikazima haraka. Mjue lile tope ni nini: lile tope ndiyo sauti. Kila unapolazimisha ukanda wa namna ile, unamkwangua mtu.

Mzee Hafidh alikuwa ananiangalia mikono. "Umekufa?" akauliza, sauti imejaa chumba.

Nikamwandikia kwenye karatasi: Bado. Unataka kukaushwa.

Sasa dawa yake, andikeni, maana hamtaikuta kwenye vitabu vyenu. Ukanda unaonata umekunywa unyevu, na unyevu unatoka kwa joto la pole pole, saa nane, si chini. Ukizidisha joto umeupinda, na ukishapinda muage. Mashine ya kazi hiyo ofisi haikuwa nayo. Mimi dada yangu anayo ya kukaushia ndimu. Nikaenda kuichukua Jumatatu hiyo hiyo, naye ananipigia kelele, "Zuwena, una wazimu? Ndimu zangu je?" Nikazimwaga ndimu zake kwenye sinia, nikaondoka nayo.

Jumanne tangu saa moja asubuhi nimekaa mbele ya mashine ya ndimu, kipimo cha joto mkononi. Ikipanda nnafungua kifuniko kidogo, ikishuka nnafunga. Sikula. Thuraya akaniletea mkate na chai akasema, "Mama Zuwena, nenda ukapumzike, mimi nitakaa." Nikamkaripia, mtoto wa watu, bila ya kosa. Nilikuwa nnaogopa. Niliuua wa kwanza kwa kuharakisha, na huu wa pili nnaupika mwenyewe kama maandazi. Kutwa nzima nnasema moyoni, yaa Rabbi, usinifanyie mara mbili.

Jumatano tukauweka tena. Thuraya kwenye kompyuta anapokea, mimi kwenye mashine, kidole juu ya kitufe cha kuzimia. Ukaenda. Haukulia. Bum, bum, bum-bum-bum, ile ile, miaka yote ile! Ikaingia shuu-wa, ya kwanza, ya pili. Pale nilipouzima mimi pakapita. Nikashika ukingo wa meza. Akaingia wa tatu. Bum-bum zikaendelea, ndefu, jamani, ndefu mno, mpaka Thuraya akaniangalia. Ndipo akaingia Nassor.

Sitaielezea ile sauti. Ilipanda juu ya wenzake bila ya kutumia nguvu, na ilikuwa inacheka ndani yake, na unasikia ngazi zinamrudishia. Nilikuwa sijapata kumsikia. Nikafikiri: hiki ndicho nilichokifuta, na chetu kilikuwa kizuri zaidi, cha studio. Hapo hapo ukanda ukaachia kwenye kiungo cha zamani, gundi imekufa, gurudumu likazunguka tupu. Thuraya akapiga ukelele. Nikatoa wembe na kibao, nikaunga kama alivyonifundisha Maalim, tukamalizia. Dakika tatu na kitu. Ukawa ndani ya kompyuta, salama. Nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Alhamisi saa nne asubuhi nikamkalisha Mzee Hafidh kwenye kiti changu, nikamvika spika za masikioni, na za chumbani nikaziacha wazi, nikabonyeza. Uso wake ukafunguka. Akapiga meza kwa vidole, bum, bum. "Mimi huyo!" akamwambia Rahma. Akasubiri. Nassor akaingia, mimi nnamsikia, Thuraya anamsikia, Rahma kashika mdomo. Mzee bado anasubiri. Nyimbo ikaenda mpaka mwisho naye anasubiri.

"Nnajisikia mwenyewe tu," akasema. "Nassor yuko wapi?"

Rahma akageuka kwangu.

"Nassor yuko wapi? Mmemtoa?"

Ala! Nilikuwa nimeshughulika na ukanda siku tatu, sikio lake nimelisahau. Sauti nzito zinaingia, za juu haziingii. Nassor alikuwa yumo mle chumbani, anaimba, na mtu pekee asiyemsikia ni yule aliyemjia. Nikapandisha sauti mpaka Rahma akaziba masikio. "Hayumo," mzee akasema. Akaanza kuzivua spika. Saa ya ukutani inakwenda saa tano.

Thuraya akajaribu kuishusha sauti kwa ufundi wa kompyuta, ikatoka kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Ndipo nikakumbuka mchezo wetu wa zamani ghalani, siku Maalim hayupo: tunaweka ukanda wa mwimbaji mwanamke, tunaupeleka nusu ya mwendo wake, bibi anageuka bwana. Ukipunguza mwendo nusu, sauti inashuka nao, pole pole, lakini inashuka yote na roho yake. "Nusu mwendo," nikamwambia Thuraya. "Usiguse kitu chengine."

Ikaanza. Bum za Hafidh zikawa mngurumo mtupu. Mzee kakunja uso. Tukasubiri zile bum-bum, na sasa ni ndefu mara mbili. Nilikuwa siangalii kompyuta, nnamwangalia yeye. Nassor akaingia, sasa sauti ya mwanamume mzima, nzito, haina haraka.

Mzee Hafidh akanyanyua mkono.

"Huyo," akasema. Na baada ya hapo, pole pole, "Kachelewa kuingia. Siku zote alikuwa anachelewa kuingia, mshenzi yule." Na machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na anacheka.

Hapo ningeliweza kunyamaza. Angekwenda zake spitali ananiombea dua. Lakini alinishika mkono akaubusu, akasema, "Ahsante, mwanangu," na mimi nilishawahi kushukuriwa na mtu huyu. Sikuweza mara ya pili. Nikakaa mbele yake aone mdomo wangu, nikaivuta maikrofoni, nikaishusha sauti yangu chini kabisa, maana njia ya kumfikia ilikuwa hiyo tu.

"Mzee Hafidh. Ule ukanda wa redioni haukupotea. Niliufuta mimi."

Akaniangalia. "Sema tena."

Nikasema tena. "Nilikuwa mgeni. Nilidhani mnajaribu maikrofoni. Ulipokuja kaunta nikakwambia hauonekani, na nilikuwa najua."

Rahma akasimama. Thuraya akainamisha kichwa. Alisikia yote, na mpaka leo hakumwambia mtu, Mungu amjaalie.

"Nilikuja mara tatu," mzee akasema.

"Mara tatu."

"Nassor ana mtoto, alimwacha tumboni mwa mamake. Hajapata kuisikia sauti ya babake. Tangu kuzaliwa!" Akapiga meza kwa kiganja, sindano ya kipimo cha sauti ikaruka mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Ulisikiliza mpaka wapi?"

"Mpaka shuu-wa ya pili."

"Nassor hukumsikia."

"Sikumsikia."

Akaangalia chini. Alipozungumza tena hakuwa anapiga kelele, na kwa mtu asiyejisikia hiyo ni kazi kubwa. "Nassor alitaka tuanze na yeye. Tuligombana studioni mwenu pale pale. Akanambia, Hafidh, bum-bum yako ndefu, watu watachoka. Nikamwambia, bila ya bum-bum mimi siimbi." Akanyanyua macho. "Ungelimsikia yeye kwanza, ungelifuta?"

"Wallahi nisingelifuta."

Akatikisa kichwa, mara nyingi, pole pole. Rahma akamgusa bega, akamwonesha saa. Mzee akauondoa mkono wake, akaziweka sawa spika masikioni.

"Weka tena," akanambia. "Lakini usianze na mimi. Anzia anapoingia yeye."

Nikamtafuta Nassor kwenye kioo cha kompyuta, nikaziruka bum-bum zote, nikabonyeza.